Mpira Mfupi wa Kushoto

Siku ya pili ya msiba wa dada yangu Zuwena, majirani wa Ansab, hapa Maskati, walituletea masinia ya wali na nyama ya mbuzi, nasi wanawake tukayazunguka juu ya mazulia, sebuleni kwa mwanawe. Nilikaa sinia moja na Asila, mjukuu wa marehemu, msichana wa chuo mwenye adabu zake. Akauchambua mnofu kutoka kwenye mfupa kwa ncha za vidole, akausogeza upande wangu bila ya kunitazama, kama bibi yake alivyomfunza na kama mimi mwenyewe nilivyofunzwa. Mkono wangu ukaurudisha ule mnofu kabla sijajijua. Sikuusukuma kwa upole. Niliurudisha kama mtu aliyeguswa na kaa la moto, mpaka punje za wali zikaruka juu ya zulia. "Bibi Raya, nimekukosea?" Asila akaniuliza, uso umembadilika. Nikamwambia hakunikosea hata kidogo, alilofanya ni jema, na nitamweleza wakati wake. Wakati wenyewe ndio huu. Ninaandika kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyewahi kumsogezea mgeni mnofu kwa mapenzi, kwa sababu katika baridi ya mwaka 1968 kuingia 1969 niliyaona mapenzi hayo yakikaribia kumlemaza mtu, na mshtuko wa siku ile haujanitoka.

Yaliyotutoa Unguja nayaacha, wanaoyajua wanayajua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimezoea shule yenye kengele, maktaba na walimu wa kike, nikajikuta Ruwi, nje ya mji wa Maskati, katika nyumba ya shemeji yangu Seif, mume wa Zuwena. Anayepita Ruwi leo kwenye foleni ya magari hawezi kuamini nikimwambia kwamba lilikuwa bonde la mitende na nyumba za kuhesabika, na kwamba punda akilia upande mmoja tulimsikia upande wa pili. Umeme hakuna. Shule ya wasichana sikuiona. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiamka nikatazama dari ya magogo ya mitende na kujiuliza kama kweli hapa ndipo mahali wazee wetu walipopaita kwetu. Chumba changu kilipakana na jiko. Ukuta wake ulikuwa na tundu la kupitishia moshi, na kupitia tundu hilo nilisikia kila kilichosemwa na mama mkwe wa Zuwena, Bi Thuwaiba, mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya chungu kama hakimu. Alikuwa na ulimi. Zuwena alipounguza vitunguu alimwambia, "Unguja mlikuwa mkipika kwa kalamu?" Lakini nilipopatwa na homa, ndiye aliyenikanda kwa siki, akininung'unikia kwamba nimekonda makusudi ili watu wamseme.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja wa kuanikia tende wa tajiri mmoja aliyekwishahamia Bahrain. Ulizungushiwa ukuta mrefu pande zote, na sakafu yake ilikuwa ya chokaa na udongo uliochomwa, ngumu, tambarare, imelainishwa na tende za miaka na miaka. Siku ya kwanza Zuwena alipouona alivua viatu, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akasema peke yake, "Hapa mtu angecheza tenisi." Nilicheka. Zuwena alikuwa mchezaji bora wa tenisi katika shule yetu kabla ya kuolewa. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini alikuwa na jicho. Mwalimu wetu akiweka kikombe uwanjani, Zuwena alikipiga kwa mpira. Raketi yake ilikuja naye Maskati, imefungwa ndani ya godoro.

Shemeji Seif alikuwa mkalimani katika kampuni ya mafuta, na ndiye aliyemleta Bi Karin. Alikuwa dada wa mhandisi mmoja wa Kiswidi pale kambini, pwani, mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mabega mapana, pua imeungua kwa jua. Seif alituambia yule mhandisi amemuuliza kama yuko mwanamke anayejua tenisi, mahali pasipo na macho ya watu. Kambini uwanja ulikuwepo, lakini Bi Karin hakutaka kuonekana. Ilichukua vikombe kadhaa vya kahawa mpaka nikaelewa kwa nini, maana Zuwena aliolewa kabla Kiingereza hakijamkaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri. Alikuwa bingwa wa wanawake wa Uswidi. Si mara moja. Alikuwa amelitwaa lile kombe mwaka baada ya mwaka, na ameshinda Ufaransa na Italia pia. Kisha akateleza kwenye majani yaliyolowa huko Uingereza, goti la kushoto likateguka, likapasuliwa, likateguka tena. Daktari wake alimwambia jambo moja ambalo nililifasiri polepole, kwa sababu lilinitisha: likiteguka mara ya tatu, atatembea na mkongojo maisha yake yote. Yeye alitaka kujua kama kweli limekwisha. Wakubwa wa mashindano ya Uingereza walikuwa wakimngojea awape jibu kabla ya majira ya kuchipua, na magazeti ya kwao yalikuwa yakimngojea pia. Ndiyo maana akaja kwenye joto, kwa kaka yake, ajipime mahali pasipo na mtu wa kuandika.

Bi Thuwaiba alimtazama sketi yake ya kuchezea, nyeupe, ya juu ya magoti, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa Kiswahili chetu kilikuwa ukuta wetu, "Muulize, fundi kamuibia kitambaa?" Bi Karin akauliza anasemaje. Nikamwambia anakukaribisha. Akamwinamia kwa heshima, naye Bi Thuwaiba akakunja midomo, akampa tende.

Wavu tulioutumia ulikuwa wa kuvulia dagaa, umekunjwa mara mbili na kufungwa kwenye magogo. Mistari tuliichora kwa chokaa. Bi Karin alikuja mchana baada ya Adhuhuri, kwa gari la kampuni, akaondoka kabla ya Magharibi. Zuwena alicheza na suruali ya ndani ndefu, kanga moja kiunoni na moja kichwani, na siku ile ya kwanza nilishtuka kama mtoto. Sikuwahi kusikia mpira ukilia vile. Bi Karin alipoupiga, ukuta wa nyuma ulitoa vumbi. Bi Thuwaiba, aliyekuwa kwenye mkeka kivulini, alishika kifua. "Yarabi! Huyu akimpiga mumewe?" Lakini siku hiyohiyo nikaona na jingine. Zuwena alipiga mpira mfupi upande wa kushoto, karibu na wavu. Bi Karin akaukimbilia, akasimama ghafla juu ya mguu wa kushoto, akaupata, lakini alipogeuka uso wake ulikuwa umepauka na ameuma mdomo. Akasema si kitu. Nilimwona Zuwena ameuona ule mdomo.

Nieleze kidogo kwa asiyejua mchezo huu, maana bila ya hili hataelewa yaliyofuata. Mpira unaokuja mrefu, hata uwe wa upande wa kushoto, humpa mchezaji wakati. Hupanga miguu yake akangoja. Ulio mfupi na wa pembeni humlazimisha akimbie, asimame kwa mguu mmoja, asukume, arudi. Goti bovu haliwezi kujificha hapo. Kwingine kote linaweza kujificha, na mwenyewe akadhani limepona. Ukilielewa hili umeelewa tenisi zaidi kuliko wengi wanaoitazama kwenye televisheni.

Basi baridi ikaendelea, na ilikuwa raha ambayo sikuitarajia katika nyumba ile. Kila baada ya mchezo tulikula pamoja, sinia moja. Bi Karin alijifunza kukunja miguu, ule wa kushoto akiunyoosha, na kula kwa mkono. Alijifunza maneno: kushoto, kulia, tena, shoga, basi, nimeshiba, ambalo hakuna aliyemkubalia. Alimletea Bi Thuwaiba biskuti za mdalasini, naye akamwambia, "Mwambie nzuri, lakini meno yangu si ya farasi." Alituonyesha jinsi walivyokuwa wakicheza kwao ndani ya mabanda wakati wa theluji, na nilipofasiri theluji Bi Thuwaiba akasema, "Kumbe kila mtu anapigwa na kwao, wao baridi, sisi jua." Na kila siku Bi Karin alikuwa na nguvu zaidi. Alikimbia, akacheka, akampiga Zuwena vibaya. Uso haukumpauka tena. Siku moja akaniambia, huku akijifuta jasho kwa kanga ya Zuwena, kwamba goti halimuumi tena hata kidogo na kwamba yule daktari ni mjinga. Nikafurahi kama ni goti langu. Nilikuwa nimeanza kumwota akiwa Uingereza, amenyanyua kombe, na mimi Ruwi nikijua siri.

Siku niliyoshtuka ilikuwa ya pilau. Mbuzi alikuwa mzuri, na Bi Karin alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alituambia kaka yake atapeleka simu ya maandishi mwisho wa wiki, kuwajulisha wakubwa wa Uingereza kwamba anarudi. Nikafasiri. Bi Thuwaiba akapiga kigelegele kidogo. Zuwena akatabasamu, akauchambua mnofu kwa vidole vyake vya mkono wa kulia, laini, bila ya kutazama, akausogeza upande wa Bi Karin. Mfupa ukabaki upande wetu. Kisha tena. Kisha tena. Mgeni alikula alichokikuta mbele yake, na wala hakujua kwamba sinia lile lilikuwa na mifupa. Nami tonge nikalishikilia mkononi. Niliuona ule mkono, na nyuma ya ule mkono nikauona uwanja: mpira mrefu wa kulia, mpira mrefu wa kushoto, unaomfikia Bi Karin kama kikombe cha kahawa kinavyomfikia mtu mkononi. Tangu ile siku ya kwanza sikuwahi kuuona tena mpira mfupi wa kushoto. Zuwena, aliyeweza kupiga kikombe, hakuupiga hata kwa bahati mbaya.

Nilimfuata jikoni. "Dada, unamchezea Bi Karin kama unavyomlisha?"

Hakujifanya hakuelewa. Alikuwa akikoroga chungu cha kahawa, na aliendelea. "Kwani weye ulitaka nimfanyeje? Mtu kaja kwetu mgonjwa, nimpige kwenye kidonda?"

"Lakini yeye hajui! Anadhani amepona! Anataka kwenda Uingereza!"

"Huko Uingereza si kwangu. Hapa kwangu. Mgeni wangu haumii kwangu, Raya."

"Na akienda akavunjika?"

Mwiko ukasimama. Nilikuwa nikimjua dada yangu tangu nizaliwe, na wakati ule nikaona jambo lililonitia baridi: hakuwahi kulifikiria. Huruma yake ilikuwa imeishia kwenye ukuta wa uwanja. Si kwamba alikuwa mbaya, wala mjinga. Alikuwa amefunzwa vizuri mno. "Atapona, inshallah," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Nnamwombea kila sala." Kisha akanishika mkono, akaubana. "Usinivunjie mgeni wangu."

Watu niliowasimulia huniuliza, inakuwaje bingwa asijue anachezewa? Nami huwajibu kwamba hakuna mtu rahisi kumdanganya kama anayetamani kupona. Na Zuwena alikuwa hodari. Alikimbia, alihema, alikasirika akikosa. Kila kitu kilikuwa cha kweli isipokuwa sehemu ile ndogo karibu na wavu.

Siku iliyofuata Bi Karin alikuja na mipira mipya. Kabla ya kucheza alikaa mkekani, akaniambia nimuulize Zuwena swali moja, kwa sababu Zuwena ndiye pekee aliyemwona akicheza baridi nzima: goti langu unalionaje? Nikafasiri. Zuwena akanitazama mimi, si yeye. "Mwambie amepona, alhamdulillah." Mkalimani ana kazi moja tu. Nikaifanya: nikasema, "Anasema umepona." Uso wa Bi Karin ukang'aa, akamshika Zuwena mabega. Na hapo mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Nikamwambia kwa Kiingereza, haraka, kwamba hayo ni maneno ya dada yangu na sasa haya ni yangu: hajakupigia mpira mfupi wa kushoto tangu siku ya kwanza, kwetu mgeni hapewi mfupa.

Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu namna ile. Mikono yake ikateremka kutoka mabegani kwa Zuwena. Alitazama wavu, akatazama ile sehemu ya sakafu upande wake wa kushoto, na nilijua anaikumbuka miezi yote, mpira mmoja mmoja, akitafuta japo mmoja wa kunikanusha. Zuwena akaniuliza, "Umemwambia nini?" Kisha akanitazama usoni, hakuuliza tena.

Bi Karin akainuka, akaenda upande wake. "Zuwena," akasema, na akatumia Kiswahili chetu wenyewe, "kushoto." Zuwena akapiga kulia. Bi Karin hakuunyanyulia raketi. Aliuacha ukapita, ukagonga ukuta. "Kushoto." Kulia tena. Ukapita tena. Mipira mipya ikawa inalala chini ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, na yule mwanamke amesimama kama mtu aliyefunga mdomo mbele ya sinia. Machozi yalikuwa yakimtoka Zuwena. "Siwezi," akaniambia. "Mwambie siwezi, mgeni wangu huyu." Nikafungua kinywa nifasiri, lakini Bi Thuwaiba alitangulia. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele. "We mwana! Mtu anakuomba chakula mara ngapi? Kasema anataka mfupa, mpe mfupa!"

Zuwena akajifuta macho kwa kanga, akarusha mpira, akaupiga. Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote niliyoiona maishani mwangu. Ulipita juu ya wavu kwa kimo cha kidole, ukaanguka mfupi, pembeni, kushoto. Bi Karin akaukimbilia. Alikuwa na kasi, Mungu ni shahidi, aliufikia, akaweka mguu wa kushoto ajizuie, na goti likaingia ndani. Tulisikia pumzi yake ikikatika. Akaanguka juu ya sakafu ya tende kwa mkono na bega, raketi ikateleza mpaka miguuni pangu. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili, nikiwaza: nimemlemaza, tumemlemaza, mkongojo. Zuwena alikuwa amekwisharuka wavu, kanga imenasa nyuma.

Halikuteguka. Lilikataa tu, lilimwambia kwenye sakafu yetu, mbele ya wanawake watatu, kile ambacho lingemwambia mbele ya maelfu kwa kishindo kikubwa zaidi. Alikaa chini, akalishika kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda. Kisha akamtazama Zuwena aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akisema samahani, samahani, kwa lugha tatu. Bi Karin akaniambia nifasiri, na nakumbuka kila neno: "Mwambie baridi nzima amenipa mapumziko. Leo amenipa heshima." Nikafasiri huku nalia, na Zuwena akamlalia begani, na Bi Thuwaiba akasema kwa hasira, akifunga kitambaa cha siki kuzunguka lile goti, kwamba watu wazima wote hawa hakuna mwenye akili.

Magazeti ya kwao, nilivyoambiwa baadaye, yaliandika kwamba bingwa amestaafu akiwa kwao, kwa ushauri wa daktari. Mimi ninajua ulikoishia ule mchezo mkubwa. Uliishia Ruwi, kwenye uwanja wa kuanikia tende, na mpira wa mwisho aliupiga dada yangu. Zuwena hakunisemesha siku kadhaa. Alinisemesha siku Bi Karin alipokuja kuaga. Tulikaa kwenye sinia, na mkono wa Zuwena ukaanza safari yake ya zamani, ukauchambua mnofu, ukafika katikati, ukasimama. Haukujua pa kwenda. Bi Karin akanyoosha mkono, akauchukua mfupa kutoka upande wetu, akaufyonza kwa sauti mpaka Bi Thuwaiba akasema, "Alhamdulillah, kawa mtu." Alirudi kwao kufundisha wasichana wadogo tenisi, na kaka yake alitusimulia kwamba kila mwanafunzi mpya humpigia kwanza mpira mfupi wa kushoto.

Sasa Asila, hili ndilo nililotaka ulijue. Mwaka jana bibi yako alipolazwa, baba yako na shangazi zako walikaa nje ya chumba cha hospitali wakakubaliana asiambiwe. Walinisihi na mimi. Walimwambia ni vidonda vya tumbo, walimletea supu, walimwambia Ramadhani atakuwa nyumbani anakaanga sambusa. Siwalaumu, walikuwa watoto wazuri, wamefunzwa na yeye. Mchana mmoja walishuka kwenda kusali, nikabaki naye. Alikuwa amelala kwenye mito mingi, amekuwa mdogo kama msichana. Nilidhani kasinzia. Akasema bila ya kufungua macho, "Raya. Hawa watoto wananisogezea mnofu."

Nikatazama mlangoni kama wanarudi.

"Nipigie kushoto, mdogo wangu."

Nikamshika mkono, nikamwambia. Jina la ugonjwa, mahali ulipofika, na alivyosema daktari. Sikuongeza inshallah mwishoni ili kulainisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mfupi?" akauliza.

"Mfupi, dada."

"Karibu na wavu."

"Karibu na wavu."

Akafungua macho. Kisha akaegemeza viwiko vyake kitandani, kama anayetafuta pa kuanzia kuinuka.

"Basi nitolee hii mito," akasema. "Nikalishe wima."